Hofu kwa Malipo ya Kila Mwezi

Juma hili imenifikia barua ya kampuni yangu ya bima, iliyoandikwa kwa adabu isiyo na kifani, ikinijulisha kwamba, maadamu sijasema lolote, mkataba wa bima ya nyumba utajihuisha wenyewe mwisho wa mwezi, na kwamba ada ya mwaka ujao, iliyozidi ya mwaka huu kwa kiasi cha kumkosesha mtu usingizi, itachukuliwa katika akaunti yangu bila ya mimi kutaabika. Ilhali mwaka mzima sikuwadai hata kioo cha dirisha. Hapa Uingereza kunyamaza ni kuridhia, na kuridhia hutozwa fedha.

Ajabu ni kwamba sisi wana wa Mombasa, ambao mama zetu hawakupata kununua fungu la nyanya pale Marikiti kwa bei ya kwanza kutajwa, tukishavuka bahari huona haya kubishania bei kwa kuwa tu imepigwa chapa karatasini. Nikapiga simu. Ndipo iliponibainikia kwamba ndani ya ada ile mlijaa vikorombwezo: bima ya funguo zikipotea, bima ya wakili nikishitakiana na mtu, bima ya fundi bomba likipasuka usiku wa manane, na binti aliyenipokea, kila nilipomwuliza faida ya hiki na kile, alikiondoa pasi na ubishi, hata bei ikashuka chini ya ile ya mwaka huu. Kweli, tangu tarehe 1 Januari 2022 mamlaka inayosimamia huduma za fedha nchini humu, FCA, imewakataza watu wa bima ya nyumba kumtoza mteja wa zamani anayehuisha mkataba zaidi ya vile wangemtoza mteja mpya. Walakini kanuni hiyo haikuwalazimisha kuwa rahisi kuliko wenzao, wala haitakupigia simu kwa niaba yako. Fauka ya hayo, ukiyagawa malipo kwa miezi, aghalabu huongezewa riba, hivyo aliyefunzwa chuoni kuiepuka riba na asiyefunzwa, wote maslahi yao ni kulipa mara moja. Na juu ya yote serikali inajichotea kodi ya asilimia 12 ya ada. Wenzetu mliopanga nawakumbusha: kuta na paa ni bima ya mwenye nyumba, yenu ni vyombo vyenu tu.

Ama kuhusu wezi, fomu za bima huku hukusaili juu ya mlango wako kama kadhi anavyomsaili shahidi: kitasa ni cha aina gani, kimepigwa alama ya BS 3621 au la, madirisha yanafungwa kwa ufunguo au kwa komeo tupu. Na hadhari na swali la king'ora, kwani ukijibu kwamba unacho, kisha siku ya siku ukatoka bila ya kukitega, dai lako huenda likakataliwa; kwa hiyo anayekinunua kwa tamaa ya kupunguziwa ada kidogo hujinunulia na sharti la kutosahau. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza mwenye ihsani, ameweka kengele ya mlangoni yenye kamera, na kila mwezi hulipa ili picha zake zihifadhiwe, na picha hizo, kwa alizonionyesha, aghalabu ni za paka wake. Hawa Waingereza ndio watu ambao mwaka 1982, katika kijiji cha Mollington huko Cheshire, walianzisha utaratibu wa majirani kulindiana nyumba, ukaenea nchi nzima pamoja na vibandiko vyake vya madirishani. Shangazi yangu wa Kibokoni angecheka hata machozi yamtoke: kumbe ile kazi ya barazani, ambapo mpita njia asiyejulikana huulizwa mara tatu yeye ni mgeni wa nani kabla hajafika mwisho wa uchochoro, yataka mkutano na kibandiko!

Lakini ngojeni nimgeukie kaka yangu wa Nyali, kule kwetu Mombasa. Ukuta, vigae vya chupa juu ya ukuta, nyaya za umeme juu ya vigae, askari wa kampuni getini, nondo kila dirisha. Na jina la jirani wa kushoto halijui. Nilimwuliza, moto ukizuka jikoni usiku, watoto watatokea wapi, maana hakuna hata dirisha moja lenye nondo za kufunguka kutoka ndani. Akanijibu kwamba mimi nimekuwa Mzungu.

Na mizigo je? Kwetu halua husafiri Nairobi kwa basi, jina na nambari ya simu vimeandikwa kwa wino mzito juu ya boksi, na hufika. Huku duka hukwambia kwamba ukifikisha, mathalan, pauni 40 utaletewa bure, nawe ukaongeza soksi usizozihitaji ili uokoe nauli iliyo ndogo kuliko soksi. Ilhali ungaliweza kwenda kujichukulia mwenyewe dukani. Na kifurushi kikipotea watakutuma ukamtafute msafirishaji. Usiende! Sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 yasema mali i katika dhamana ya muuzaji mpaka ikufikie mkononi, au imfikie uliyemwidhinisha kuipokea; na mimi niliyemwidhinisha ni yule mzee wa paka, ambaye hupokea vyangu nami nikapokea vyake.

Mlinzi, mdhamini na mpokea mzigo: zote tatu zilikuwa kazi za jirani. Kaka yangu, ambaye bado ana nafasi ya kuzipata bure, anazikimbia kwa gharama, akidai kwamba majirani wana fitina. Wanazo, sikatai, lakini fitina haina kodi ya asilimia 12.