Programu ya Zamani Ikikataa Kufunguka

Siku hizi si ajabu kuikuta kompyuta katika ofisi ya kanisa au ya shule kijijini. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu ile kuu isimamiayo nyingine zote na kuzigawia nafasi ya kufanyia kazi. Nasi twasikia malalamiko haya mara kwa mara: mfumo mpya umewekwa, na programu iliyotumika miaka yote haifunguki tena. Wenye haraka husema imekufa, wakaifuta, na pengine kazi ya miaka mingi hupotea pamoja nayo. Twapenda kuwaonya wenzetu juu ya haraka hiyo, kwa kuwa mara nyingi programu ingali nzima, bali imepata bwana mpya asiyezijua desturi zake.

Sababu za jambo hili zaeleweka. Ya kwanza ni lugha ya mashine. Programu za zamani ziliandikwa kwa kipimo cha biti 16, zikafuata za biti 32, na sasa za biti 64. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ni ya biti 64 tu, wala haiwezi kuendesha programu za biti 16. Kadhalika mfumo wa Apple uitwao Catalina, wa mwaka 2019, ulikoma kuzipokea programu za biti 32. Programu ya namna hiyo ni kama mgeni aliyefika mji ambao hapana aijuaye lugha yake.

Ya pili ni ruhusa. Zamani programu nyingi ziliandika faili zao popote zilipotaka. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, folda za mfumo zimewekewa ulinzi mkali zaidi, na programu iliyozoea kuingia bila hodi huzuiwa mlangoni.

Ya tatu ni kosa la kale lililositirika. Ulikuwako mchezo wa kujenga miji uitwao SimCity, uliochezwa katika Windows za kwanza. Mchezo huo ulirudisha sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta kwa mfumo, kisha ukaendelea kuitumia, kama mpangaji aliyerudisha ufunguo naye usiku akarejea kulala chumbani. Mfumo wa zamani haukumpa mtu mwingine chumba kile upesi, kwa hiyo kosa halikuonekana. Mchezo ulipojaribiwa katika Windows 95, ulianguka. Watengenezaji wa mfumo wangaliweza kusema kwamba kosa si lao, na wangalikuwa na haki. Lakini walitia katika Windows 95 utaratibu wa pekee, ili SimCity ikiendeshwa, chumba kile kisigawiwe mapema. Hivyo wenye mchezo wao wa zamani hawakuupoteza.

Sisi wenyewe jambo hili lilitufikia katika daftari la ubatizo la kanisa letu, ambalo walimu waliotutangulia walilinakili jina kwa jina katika programu ya zamani. Vitabu vyenyewe vya karatasi vilikuwa vimeliwa na mchwa kwa sehemu kubwa. Mfumo mpya ulipowekwa, programu haikufunguka. Wiki ile ile akaja mama mmoja mzee kuomba cheti, apate kuthibitisha umri wake, naye hana karatasi nyingine yo yote. Tukaona kwamba kilichofungwa mle si hesabu za mashine, bali ni majina ya watu, wazazi wao, na wadhamini wao, wengi wakiwa wamekwisha kufariki.

Kwanza tulizinakili faili zote mahali pengine kabla ya kujaribu lo lote. Kisha tukaandika maneno ya onyo kama yalivyotokea katika kioo, neno kwa neno, maana fundi hawezi kutibu kwa kuambiwa tu kwamba "imekataa". Kwa maneno yale fundi alitambua kuwa programu ni ya biti 16. Akatutengenezea mashine pepe, yaani programu ijifanyayo kompyuta kamili ndani ya kompyuta, akaweka humo mfumo wa zamani kutoka diski yake, bila kuuunganisha na intaneti. Programu ikafunguka, na jina la yule mama likaonekana.

Mtu ataweza kuuliza, kwa nini basi tusikae na mfumo wa zamani siku zote? Hapana budi tujue kwamba mfumo ulioachwa na watengenezaji wake hauzibwi tena matundu. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nyumba isiyozibwa matundu yafaa kuwekwa mbali na njia ya wezi. Ndiyo sababu ya kuutenga ule wa zamani na intaneti.

Si kila ugonjwa wahitaji dawa kubwa kama hiyo. Yafaa kutafuta kwanza toleo jipya la programu ile ile. Katika Windows, aliyezuiwa na sababu ya pili huenda akapona kwa kuchagua, katika sifa za programu, sehemu ya upatanifu, ambayo huufanya mfumo mpya umtendee mgeni kwa desturi za zamani. Lakini kwa programu ya biti 16 katika mfumo wa biti 64, dawa hii haifai kitu.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nasi twaongeza kwamba mbacha nao huchakaa. Daftari lilipofunguka, hatukuridhika kuliacha mle. Tulitoa majina yote katika maandishi matupu, ambayo karibu kila kompyuta yaweza kuyasoma, tukachapa nakala mbili katika karatasi, moja ikakaa kanisani na moja shuleni. Enyi wenzetu mtunzao madaftari ya watu, fanyeni hivyo wakati programu yenu ingali yafunguka.