Lehemu na Sauti ya Mjomba

Mwanafunzi wa lugha anayekwenda kurekodi nyimbo za wazee huwaza kwanza sarufi na msamiati. Kumbe jambo la kwanza ni kadi ya sauti. Hiyo ndiyo inayopokea mawimbi kutoka kwenye maikrofoni, ikayapima mara 44,100 au 48,000 kila sekunde na kuyageuza namba. Kinachopotea hapo hakirudishwi na kamusi wala na mhadhiri.

Nililishuhudia hili wakati wa likizo huko Njingala, teritwari ya Walikale. Mjomba wangu ndiye pekee aliyebaki katika ukoo wetu anayeujua wimbo mmoja mrefu wa Kinyanga tangu mwanzo hadi mwisho. Binamu yangu, anayetengeneza muziki kwa laptopu, alitaka kuuweka juu ya mdundo wa kisasa ili vijana wausikilize. Mimi nilitaka kila neno. Tulikuwa na maikrofoni moja, kadi ya sauti ya nje ya kuchomeka kwa USB, na umeme wa sola.

Tatizo la kwanza lilikuwa ucheleweshaji. Mjomba alivaa hedifoni, akaimba mistari miwili, akanyamaza. Akaniuliza: “Mupwa, ule anaimba nyuma yangu ni nani?” Alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe ikimfuata. Programu ilikuja na bafa ya sampuli 2,048, na bafa ni akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuichakata. Ukigawa 2,048 kwa 48,000 unapata karibu milisekunde 43 za kuingia, na za kutoka ni kama hizohizo. Kwa msikilizaji ni kitu kidogo, lakini kwa mwimbaji ni mtu wa pili chumbani. Tulipunguza hadi 128, chini ya milisekunde 3. Laptopu, ambayo ni ya zamani, ikashindwa na sauti ikaanza kukatika. Tulipata nafuu kwenye 256, tukiwa tumechagua draiva ya ASIO, njia fupi ambayo Steinberg waliitoa mwaka 1997. Dawa kamili ilikuwa kitufe kilicho kwenye kadi yenyewe: kinampelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Mjomba akaendelea.

La pili lilikuwa mvumo, ambao ulikoma mara tulipochomoa chaja na kutumia betri peke yake. La tatu ndilo lililotugawa. Mpangilio wa sauti aliokuwa nao binamu ulikuwa na kizuia kelele, yaani sehemu ya programu inayofunga sauti yoyote iliyo chini ya kiwango fulani. Rekodi ilitoka safi kama ya redio. Lakini mjomba, kama waimbaji wengi wa umri wake, hushusha pumzi mwishoni mwa mstari, na irabu ya mwisho huwa kama mnong'ono. Kizuia kelele kiliila. Halafu kuna kirekebisha noti, kinachovuta kila sauti iende kwenye noti ya karibu ya piano. Kinyanga ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Anayeinyoosha sauti anaweza kunyoosha na maana.

Hatimaye tuliafikiana: tutarekodi biti 24, kilele cha sauti kisipite desibeli 12 chini ya kikomo, bila kichujio chochote. Nakala hiyo haiguswi. Binamu atachukua nakala nyingine aifanyie muziki wake. Sasa kila mmoja ana wimbo wake, na wa mjomba upo.

Siku ya tatu kadi ilianza kukwaruza. Tulibadilisha waya, tukabadilisha tundu la laptopu, kukwaruza kukabaki. Ukibonyeza tundu la USB la kadi, kelele inakoma, ukiachia, inarudi. Lehemu ilikuwa imepasuka. Fundi wa simu aliifungua na kuyeyusha waya mwembamba wa kijivu. Mjomba akauliza waya huo ni wa nini. Fundi akamwambia kwamba sehemu kubwa ni bati, linalotokana na kasiterite.

Kasiterite mjomba anaijua kwa mgongo. Machimbo ya Bisie yalipoanza mwaka 2002, alikuwa mmoja wa waliobeba magunia ya kilo 50 kupitia msituni hadi Njingala, mwendo wa siku mbili. Tangu 2019 kampuni ya Alphamin huchimba huko kwa mashine. Hakuna awezaye kusema bati la waya ule lilitoka mlima gani. Mjomba aliushika, akaupima mkononi, akasema tu kwamba ni mwepesi.

Mwaka 1956 Candi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba na kucheza, huku Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga wakiuandika. Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, na ndiyo maana tunausoma leo. Tunasoma maneno, hata alama za toni. Pumzi ya Rureke mwishoni mwa mstari hatuisomi.

Sisi tuna kifaa ambacho wao hawakuwa nacho, na Walikale imetoa zaidi ya sehemu yake katika kukiunganisha. Kwa hiyo ningependa somo la kukusanya fasihi simulizi liwe na kipindi kimoja cha kadi ya sauti: bafa, kiwango, waya, na kuzima kila kinachosafisha sauti kabla hatujaisikiliza. Mafundi watatucheka kidogo, lakini wazee watamaliza mistari yao.