Nchi kwa Mwendo wa Baiskeli: Siku Sita kutoka Korogwe hadi Pangani

Neno "utalii" katika matumizi yetu ya kila siku limebeba picha mbili tu: mnyama na mgeni. Mnyama yuko mbugani, mgeni yuko ndani ya gari lililofunguliwa paa, na mwananchi, akitokea katika picha hiyo, ni dereva, mpishi au mcheza ngoma. Ndiyo maana nilipowaeleza wenzangu idarani kwamba likizo yangu ya Julai nitaitumia kuendesha baiskeli kwa siku sita kutoka Korogwe kwenda Handeni, na kutoka Handeni hadi pwani ya Pangani, niliulizwa kuna nini cha kutazama huko. Swali hilo halikuwa la kubeza. Ni swali la kisiasa, na linastahili kujibiwa hivyo.

Kuna nchi ambazo zimekwisha kulijibu. Kusini mwa Italia, katika majimbo ya Puglia na Basilicata, watu hulipa fedha nyingi waongozwe kwa baiskeli siku kadhaa katikati ya mizeituni mikongwe na kuta za mawe, walale katika nyumba za kale za mashambani ziitwazo masseria, wale mkate na maharage ya wenyeji, kisha wateremke baharini. Hawafuati simba wala tembo. Kinachowavuta ni mashamba, vijiji, chakula na mazungumzo. Yaani maisha ya watu katika ardhi yao. Rafiki yangu aliyesoma Bari ndiye aliyenisimulia habari hizo, na ndiye aliyeuliza kwa nini mkonge, michungwa na Mto Pangani visitembelewe namna hiyo na Watanzania wenyewe.

Tulikuwa watano: walimu wawili, mwanafunzi wa uzamili, ofisa mipango mstaafu aliyewahi kufanya kazi katika mkoa huo, na kiongozi wetu wa safari, kijana mzaliwa wa Korogwe. Kijana huyu alianza na baiskeli kwa kubeba mahindi ya watu kwenda mashineni, baadaye akawa anawaongoza wageni katika Milima ya Usambara upande wa Lushoto. Baiskeli tulikodi kwake na kwa jamaa zake. Mbili zilikuwa na gia; tatu zilikuwa zile nyeusi, nzito, zenye karia ya chuma, ambazo fundi wa kijiji chochote huzijua kwa kugusa. Mpango wa safari aliuandika katika daftari la shule: Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, siku moja ya kupumzika, Handeni hadi Mkata, kilomita 54, Mkata hadi Hale kwa barabara kuu, Hale hadi Muheza, Muheza hadi Pangani. Alitupa sharti moja, kwamba tumsalimie kila tunayempita. "Mwalimu," aliniambia, "mwenye gari hupita tu. Wewe wa baiskeli unaonekana ukija, na usiposalimia watu watajiuliza umetoka wapi na unataka nini."

Ukiiacha Korogwe na kuelekea Handeni, kijani cha bondeni hupungua taratibu. Vichaka vinakuwa vifupi, udongo unakuwa mwekundu, na katika kila mteremko unakutana na vijana wanaosukuma baiskeli zilizosheheni madumu. Juu ya baiskeli moja, karibu na Sindeni, nilihesabu madumu matano ya lita 20. Ni kilo 100 za maji, zinazosukumwa mlimani na kijana mmoja aliyevaa kandambili. Baiskeli yake na yangu zilikuwa za aina moja. Mimi nilikuwa mapumzikoni; kwa nyumba zilizomsubiri, baiskeli yake ndiyo bomba.

Shida ya maji ya Handeni si habari mpya. Mradi wa HTM ulijengwa katika miaka ya 1970 ili kuchota maji ya Mto Pangani na kuyafikisha huko. Miundombinu yake imezeeka, na sasa wilaya hizi zimo katika mradi mkubwa uitwao Miji 28. Mambo hayo yote ofisa wetu mstaafu aliyajua kwa tarakimu. Lakini alipomsaidia yule kijana kusukuma hadi kileleni, alikaa chini ya mti kwa muda, kisha akasema kwamba katika taarifa zake aliandika mara nyingi kuhusu wakazi wanaopata maji ndani ya mita 400, kama sera inavyotaka, lakini hakuwahi kuzitembea mita hizo akiwa na ndoo. Hakusema kwa kujilaumu. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu.

Jambo la pili barabara hiyo ilitufundisha kwa njia ya majina. Kwamatuku, Kwachaga, Kwaluguru, Kwamsisi, Kwankonje: Handeni imejaa majina yanayoanza na "Kwa". Mzee mmoja wa Sindeni, aliyetukaribisha viti na maji ya kunywa, alitueleza kwamba mengi ya majina hayo yanamkumbuka mtu au ukoo uliotangulia kufyeka mahali hapo. "Babu," mwanafunzi wetu alimwuliza, "na pale pori tulipopita, pana jina?" Mzee akacheka. Alitaja majina manne kwa mpigo, kila moja na kisa chake: nani alichunga, nani alizika, nani alitundika mizinga ya nyuki. Kutoka katika dirisha la basi, sehemu hiyo ni pori tupu. Katika ramani nyingine za maofisini, nadhani, ni tupu vilevile.

Hilo lilituandaa kwa siku ya mapumziko mjini Handeni, kwa kuwa wilaya hiyo imezoea kupokea watu wanaoletwa na historia na watu wanaoletwa na Serikali.

Wa kwanza ni Wazigua wa Chogo. Katika karne ya 19 njaa na biashara ya utumwa viliwachukua Wazigua wengi hadi Somalia, kwenye bonde la Mto Juba. Vizazi vilipita, na baadhi ya wajukuu zao wakaendelea kuzungumza Kizigua. Somalia iliposambaratika mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na katika miaka ya mwanzo ya 2000 wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Baadaye wengi walipata uraia. Ni miongoni mwa visa vichache katika Afrika ambapo watu waliochukuliwa utumwani walirudi katika nchi ya mababu wakiwa bado na lugha yao. Wanafunzi wangu wengi wanajua habari za Waafrika wa Marekani kuliko hizi, ingawa Chogo iko kwetu.

Wa pili ni watu wa Msomera. Tangu Juni 2022 Serikali imekuwa ikizihamishia familia kutoka Hifadhi ya Ngorongoro katika kijiji hicho. Hoja yake inajulikana: Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 kama eneo ambalo wanyamapori na wafugaji wangeishi pamoja, wakati huo wakazi wakiwa kama 8,000, sasa wamezidi 100,000, na mifugo imeongezeka. Serikali husema uhamaji ni wa hiari, na imejenga nyumba, shule na huduma nyingine. Kwa upande wa pili, shirika la Human Rights Watch katika ripoti yake ya mwaka 2024 lilieleza kwamba ridhaa hiyo ina mashaka makubwa, na kwamba waliokuwapo Msomera kabla ya wageni nao walipoteza ardhi.

Sikwenda Handeni kufanya utafiti, na sitajifanya kwamba mazungumzo ya siku moja ni ushahidi. Lakini katika mgahawa tulikokunywa chai tuliketi na mfugaji mzee aliyetoka Ngorongoro. Alisema nyumba ni nzuri na shule iko karibu. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Lakini ng'ombe hajui nyumba." Jioni yake, fundi aliyetuzibia pancha alitusimulia, bila hasira, kwamba shamba la baba yake lilikuwa ndani ya eneo lililopimwa kwa ajili ya wageni. Hakumchukia yule mzee wa Ngorongoro. "Naye kaletwa," alisema. Watu wawili wa mji mmoja, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, na hakuna kati yao aliyeweza kueleza ni katika mkutano gani jambo hilo liliamuliwa.

Hapo ndipo Italia iliponirudia akilini, kwa sababu njia ile ya baiskeli ya Puglia mara nyingi huanzia au kuishia Matera, mji wa Basilicata wenye makazi ya kale yaliyochongwa katika mapango. Katika miaka ya 1950 serikali ya Italia iliona mapango hayo kuwa aibu ya taifa. Sheria ya mwaka 1952 iliwahamisha wakazi wapatao 15,000 kwenda katika nyumba mpya. Umaskini ulikuwa wa kweli, na malaria na vifo vya watoto vilikuwa vya kweli. Lakini mwaka 1993 mapango yaleyale yaliingizwa katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2019 Matera ikawa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Leo mgeni hulipa alale katika pango ambalo mkulima alihamishwa kwa sababu halikumfaa binadamu. Sitaki kulazimisha ulinganifu. Ngorongoro si Matera. Nataka tu tuone jinsi mahali pawezavyo kupanda thamani baada ya watu wake kuondolewa, na tuulize thamani hiyo huandikwa katika daftari la nani. Mwaka uleule wa 2022 tulipozindua filamu ya Royal Tour kuitangaza nchi yetu duniani, ndio mwaka malori yaliyobeba familia yalipoelekea Msomera.

Sehemu ya Mkata hadi Segera ilikuwa ngumu kuliko zote, na si kwa sababu ya vilima. Ni barabara kuu ya mabasi na malori ya kaskazini. Pembezoni mwa lami, mwendesha baiskeli hana mahali pake: basi likikusogelea kwa honi, unashuka kwenye changarawe. Tulifanya hivyo mara nyingi kiasi cha kuacha kuhesabu. Sisi tuliipita mara moja. Wakulima, wanafunzi na wauza mkaa wa Kabuku huipita kila siku. Barabara ni mali ya umma iliyojengwa kwa kodi, nayo mkulima huilipa pia katika kila lita ya mafuta ya taa na kila pakiti ya sukari. Lakini imechorwa kana kwamba hayupo.

Hale inakupokea kwa mkonge. Mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza kujengwa Tanga, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo ikazaliwa mistari isiyo na mwisho tunayoiona leo. Mistari hiyo ilihitaji mikono. Wakoloni wakaileta kutoka mbali, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua, waliokuja kuitwa manamba. Ndiyo maana Korogwe na Muheza zina watu wenye asili ya Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji. Kiongozi wetu mwenyewe ni mjukuu wa manamba. Alisimama kando ya mistari, akatuonyesha mahali zilipokuwa kambi, na kutueleza namna kazi ilivyopimwa kwa matita. Kitabu kingenipa tarehe hizo. Namna babu yake alivyolificha jembe lisiibwe usiku, hakuna kitabu kingenipa.

Kutoka Muheza, iliyokuwa imefurika machungwa, tuliteremka hadi Pangani, mahali mto uliokuwa nasi tangu Korogwe unapoingia baharini. Ndiyo Pangani ya Bushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani na kunyongwa hapo Desemba 1889. Tulikula samaki na wali wa nazi kwa mama mmoja, tukapiga hesabu ya safari. Kila shilingi tuliyotumia kwa siku sita ilibaki kwa mama lishe, wenye nyumba za kulala wageni, mafundi baiskeli, wauza matunda na kiongozi wetu. Haikuhitaji kumhamisha mtu yeyote.

Sisemi baiskeli itaziba pengo la mapato ya Ngorongoro au Serengeti. Nasema kwamba sera ya utalii inayotambua mandhari yenye watu ndani yake ingetupa sababu ya kiuchumi, juu ya ile ya haki, ya kuwaacha watu walipo. Na nasema kwamba maamuzi juu ya ardhi huwa na kasoro ya namna moja anayeyatoa akiwa ameiona nchi kwa kilomita 100 kwa saa.

Kwa hiyo nina ombi kwa ndugu zangu watumishi wa umma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi ya kuamua. Kabla ya kusaini mpango wa matumizi ya ardhi unaosema eneo fulani liko wazi, kodini baiskeli, mpite humo siku mbili pamoja na mzee wa mahali, na mwandike kila jina atakalolitaja. Kisha yasomeni majina hayo mbele ya mkutano, kabla ya kura. Wanafunzi na wanaharakati waweza kuanza hata bila ofisa: daftari la shule latosha.