Kioo cheusi nyumbani Puge

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili, wasomaji wangu mniwie radhi. Sikuwa naumwa, wala sijakimbia madeni. Nilikuwa nyumbani Puge, napambana na kompyuta ya Baba.

Kwa msioijua Puge: ukitoka Nzega kwenda Tabora mjini, ipo kama katikati ya safari. Wengi wenu mmeshaipita mkiwa usingizini ndani ya basi, shingo zimelala upande, wala sitawalaumu.

Baba alipiga simu saa nne usiku, na Baba si mtu wa kupiga simu usiku. "Mwanangu, kompyuta imekufa." Sauti ile nilishaisikia mara moja tu, siku aliponipa habari za msiba wa bibi. Nikajua papo hapo kwamba hazungumzii mashine.

Bibi huyo alikuwa shangazi yake Baba, na ndiye aliyekuwa wa mwisho katika ukoo wetu kuzijua habari za babu yake, ambaye alikuwa mpagazi. Mpagazi kweli kweli, wa kubeba pembe begani kutoka Unyamwezi hadi Bagamoyo na kurudi. Baba, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, alikuwa akimfuata kila Jumapili na daftari, na jioni anakaa kuchapa alichosimuliwa. Alifanya hivyo kwa miaka miwili, bibi akafariki. Madaftari yakawekwa kwenye sanduku, na sanduku likaingiliwa na mchwa. Mliokulia Tabora hamhitaji maelezo zaidi. Kilichobaki kikawa ndani ya ile kompyuta peke yake. Hakuna flashi, hakuna karatasi hata moja iliyochapishwa. Na mimi, ninayejifanya mtu wa habari, sikuwahi hata siku moja kumuuliza kama ana nakala.

Kompyuta ilishapelekwa mjini kwa fundi mmoja. Akaiwasha, akaona kioo cheusi, akatamka kwamba mazabodi imeungua na kila kilichokuwamo kimeondoka nayo. Afadhali anunue nyingine, na yeye anayo, laki na nusu tu. Baba akaamini. Mimi nikiwa Dar es Salaam nikaamini pia, nikaanza kuulizia bei Kariakoo! Fikirini jamani. Mhariri wangu angenirudishia habari yenye chanzo kimoja, tena chanzo chenye bidhaa ya kuuza, lakini hii niliimeza nzima.

Nikapanda basi linalopitia Singida, Igunga na Nzega. Njiani nikawa nawaza kwamba Burton na Speke waliotoka pwani mwezi Juni 1857 walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 7, siku ya 134 ya safari, huku wapagazi ndio wanaobeba kila kitu. Mimi nalalamikia makalio kwa siku moja. Nikashuka Puge giza limeshaingia, nikaamkia, Mayu akaleta ugali na mlenda, na jambo la kompyuta halikutajwa mpaka asubuhi.

Ile kompyuta aliinunua ya mtumba mwaka 2008, alipokuwa bado anafundisha mjini. Ina Windows XP, ambayo wenyewe Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014, na monita ya chogo. Nilipoihamisha monita ile ili nione nyuma yake, mgongo ulilia. Baba akacheka: "Hiyo ni frasila nzima. Babu alikuwa anabeba mbili mpaka baharini." Nikapiga hesabu, na kweli, frasila ni kama kilo 16.

Siku ya kwanza niliipoteza bure. Nikabadilisha soketi. Nikapandisha mwanga wa kioo mpaka mwisho. Nikailaumu TANESCO, maana hiyo ni kawaida yetu, ingawa taa na redio vilikuwa vinawaka bila wasiwasi. Mwisho nikapanda basi hadi Nzega kununua waya mpya wa monita. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 100, na kioo kikabaki cheusi vilevile. Baba hakusema neno. Alikuwa amekaa kwenye kigoda ananitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliokurupuka kujibu kabla ya kusoma swali.

Usiku nikampigia rafiki yangu aliyesomea mambo haya. Akaniuliza kitu ambacho fundi hakukiuliza wala mimi sikukiuliza: "Taa ya monita ina rangi gani?" Nikamwambia ya chungwa, inakonyezakonyeza. Akasema basi monita haijafa, inasubiri picha. Chomoa ule waya unaoingia kwenye boksi, uiache monita na umeme wake tu. Nikachomoa. Jamani! Kwenye kioo kikavu cha siku tisa yakatokea maandishi kwamba haipati mawasiliano kutoka kwenye kompyuta. Mayu aliyekuwa anapita akapiga kigelegele, nikamwambia bado, Mayu, bado.

Swali la pili: "Ukiiwasha, inalia?"

Kabla sijajibu, Baba akadakia kutoka kwenye kigoda. Inalia, tangu siku ya kwanza. Mlio mrefu, unanyamaza, mlio mrefu tena, haukomi. Yeye alidhani inalalamikia umeme mdogo, kwa hiyo akawa anaizima haraka asiitese. Kwa fundi je? Kwa fundi kulikuwa na muziki mkubwa.

Hapa nieleze kidogo, kwa faida ya mwenye kioo cheusi nyumbani kwake. Kompyuta ikiwashwa hujikagua kwanza, kabla haijatoa picha yoyote. Isipoiona ramu yake haiwezi kuendelea, na kwa kuwa picha bado haipo, kinachobaki ni kulia. Milio hutofautiana kulingana na aliyeitengeneza mashine, lakini mlio mrefu unaojirudia, hasa kwenye kompyuta za umri ule, mara nyingi ni ramu. Na ramu siyo mahali yanapokaa maandishi yako. Baba alipoelezwa akalitafsiri kwa lugha ya darasani: ramu ni meza ya kufanyia kazi, diski ni kabati. Meza ikivunjika, kabati halijaungua. Nikamwona ananyanyuka kwenye kigoda, na tangu hapo hakukaa tena.

Tukachomoa umeme kabisa. (Boksi fungua, lakini chogo la monita usilifungue kamwe, humo ndani hubaki umeme mkali hata ukishachomoa waya.) Bisibisi ikapatikana kwenye cherehani ya Mayu. Nikagusa chuma cha boksi kwanza ili umeme wa mwilini mwangu usiende kuunguza kitu, nikavuta ubavu wa boksi, na tukakutana na kiangazi chote cha Puge mle ndani. Vumbi jekundu limelala kama blanketi. Feni ilikuwa na utando. Tukatoa vumbi kwa brashi ya rangi, polepole, huku Baba akishika tochi.

Ramu zilikuwa mbili. Nikazitoa, nikasugua yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, na raba yenyewe ilitoka kwenye mfuko wa shati la Baba, kalamu nyekundu ikiwa bado ipo humo miaka yote hii ya kustaafu. Nikairudisha ramu moja tu, nikaibana mpaka vishikizo vya pembeni vikalia tak. Nikawasha. Kimya. Nikaona ndiyo basi tena. Kisha ukatoka mlio mmoja mfupi, na taa ya monita ikageuka kijani.

Maandishi meupe yakateremka. Saa ilikuwa imerudi Januari 1, 2002, betri ndogo ya ndani imekwisha, ikataka nibonyeze F1 ndipo iendelee. Nikabonyeza. Kikaja kile kilima cha kijani mnachokijua. Baba akaniwekea mkono begani na kuusahau hapo.

Faili lilikuwepo. Kurasa 41. Humo babu wa bibi analipwa kwa mikono ya kitambaa cha merikani. Anaugua ndui Ugogo na kuachwa kambini na wenzake. Anafika Bagamoyo safari ya pili na kuogopa kuingia majini. Anarudi na kokwa za embe, na mwembe mmoja, kwa maneno ya bibi, ndio huu ulio nyuma ya jiko letu. Nimeula mwembe huo tangu nikiwa sina meno ya mbele na sikuwahi kuambiwa.

Nikanakili kwenye flashi mbili, moja yake na moja yangu, na kesho yake nikaenda Tabora mjini kutoa nakala za karatasi. Baba aliuliza vyote vile vina uzito gani. Nikamwambia kilobaiti mia mbili na kitu, yaani hata wimbo mmoja wa simu unazidi.

"Ndiyo hiyo tu?" akasema. "Jumapili zote zile?"

Halafu akaniambia ninyanyuke kwenye kiti. Umeme ulikatika siku ile akiwa katikati ya sentensi, na alikuwa bado anaikumbuka inavyomalizikia.