Ahadi ya Katikati ya Ziwa

Mashine ya boti inakojoa. Ukiiwasha, nyuma yake hutoka mchirizi mwembamba wa maji, na mchirizi huo ndio uzima wake: inavuta maji ya ziwa, inayazungusha mwilini ili ipoe, kisha inayatema. Wavuvi hawana haja ya kipimo cha joto. Wanageuza shingo tu kutazama kama inakojoa. Asubuhi moja ya Agosti, kwenye Ziwa Kitangiri, mashine yetu ya farasi 15 iliacha kukojoa, na mimi niliyekuwa nimeshika mkono wake niliona. Niliona kabisa. Nikajisemea tutaisafisha tukifika.

Hatukufika. Mlio ulibadilika kwanza, ukawa mzito kama wa mtu anayeongea na chakula mdomoni. Ikaja harufu ya rangi inayoungua, halafu kimya. Shemeji akashika kamba ya kuwashia, akavuta kwa nguvu zake zote, na kamba haikutoka hata inchi moja. Akanitazama.

"Imenoki," akasema.

Ukimtajia mtu ziwa na Singida, atafikiria Singidani au Kindai, yale ya pale mjini yenye maji ya chumvi. Kitangiri ni jingine. Liko Iramba, chini bondeni ukishateremka kutoka Kiomboi. Mto Wembere unaliletea maji na Mto Sibiti unayatoa kuyapeleka Ziwa Eyasi. Si ziwa la kina. Sehemu nyingi ungeweza kusimama, kama si tope la chini linalomeza mguu hadi pajani. Kuna perege, kuna kambale, kuna matete, na kuna viboko ambao hawapendi mgeni. Vyombo vingi pale ni mitumbwi ya kafi na pondo. Sisi tulikuwa na mashine, tuliyoinunua kuukuu kutoka Mwanza, ili tuzungukie kambi za wavuvi mapema na kuwawahi wachuuzi wenzetu kununua samaki wabichi. Kwa kuwa tulikuwa na mashine, pondo tuliliacha nyumbani. Ndani ya boti mlikuwa na kafi moja, tena lililopasuka.

Upepo wa Singida hauna utani, hasa miezi ya kiangazi. Unatoka mashariki, na Tulya tulikotoka iko mashariki, kwa hiyo kila dakika tuliyokaa bila mashine ilitusogeza mbali na nyumbani, kuelekea kwenye matete ya upande wa pili. Simu zilikuwepo. Mtandao ulikuja ukiondoka. Tulipopata mstari mmoja, shemeji alimpigia kijana wetu wa pwani, akamwambia neno "mashine", simu ikakata.

Mzee mmoja alitokea kama saa tatu, na mtumbwi wake na vijana wawili, wanakwenda kukagua nyavu. Nilipunga shati. Kabla hawajatufikia nilishaanza kupiga kelele za ahadi.

"Shikamoo mzee! Tuvute hadi Tulya, nakupa elfu hamsini!"

"Marahaba," akajibu, taratibu, kana kwamba tumekutana njiani kwenda kisimani. Akasogea, akashika ukingo wa boti yetu. "Maji ya kunywa mnayo?"

Hatukuwa nayo. Akatupa kidumu chake, tukanywa, ndipo akatazama mashine. Kuhusu elfu hamsini hakusema kitu. Nikairudia, maana niliogopa hakusikia. "Nimesikia," akasema. "Inueni hiyo mashine itoke majini, itatukwamisha. Wewe mnene kaa nyuma, ushike kafi uongoze." Mnene ni shemeji.

Nilikuwa nadhani kuvuta chombo ni kufunga kamba na kwenda. Alifunga kamba chini, kwenye pete ya omo, akaacha urefu wa kutosha ili tusimgonge kisogoni wimbi likitusukuma. Boti inayovutwa hutapatapa kama mbuzi anayepelekwa mnadani: inakwenda kulia, kamba inakaza, inarudi kushoto. Kazi ya shemeji na kafi lake bovu ilikuwa kuinyoosha. Mbele yetu vijana wawili walisukuma pondo dhidi ya upepo, wakizama nalo hadi mikono ikaribie maji, wakilinyofoa kwenye tope, wakilirudisha. Sijawahi kuona kazi inayokwenda polepole namna ile. Kuna wakati nilichagua kichaka kimoja cha matete kuwa alama, nikahesabu hadi mia tatu, na kichaka kilikuwa bado ubavuni mwetu.

Katikati ya safari tulipita karibu na chupa nyeupe za plastiki zinazoelea. Zilikuwa maboya ya nyavu zake. Mzee aligeuza uso akazitazama hadi zikabaki nyuma, halafu akatazama mbele. Mimi niliona chupa.

Tulifika Tulya saa sita na nusu. Na hapa ndipo ninapoona aibu kuandika.

Mguu wangu ulipokanyaga mchanga mkavu, kichwa changu kilianza hesabu ambazo majini hazikuwepo. Kwani umbali ule ni kilomita ngapi? Tatu? Mtumbwi wa mzee haunywi petroli. Kibarua wa kutwa nzima shambani kwenye alizeti analipwa kiasi gani? Hamsini niliitaja mimi mwenyewe, tena kwa hofu, na yeye hakusema amekubali. Je, hayo ni makubaliano? Nilikuwa wakili mzuri sana wa nafsi yangu pale ufukweni. Nikatoa elfu ishirini, nikampa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, heshima tele.

"Mzee, pokea hii kwanza. Nyingine nitakurushia kwenye simu."

Namba yake sikuiomba. Alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante mwanangu, poleni," akageuza mtumbwi akarudi ziwani na jua likiwa utosini.

Angenigombeza ningejitetea, lakini hakubishana hata kidogo. Ukitaka kujua namna watu wanavyopatana bei ya shida, nenda kasimame Mlima Sekenke, kati ya Misigiri na Shelui, siku lori limefia kwenye mpando. Utingo anaweka jiwe nyuma ya tairi, matawi yanatandazwa barabarani kuonya wanaokuja, na dereva anaanza kuzungumza na mwenye gari la kuvuta. Pale watu wanabishana hadi mishipa inatoka, na bei inapanda kadiri giza linavyoingia. Mimi nakubali ubishi ule. Kila mmoja anajua anachouza, na wakishapeana mkono, gari linavutwa na hela inalipwa. Kwa upande mwingine kuna bodaboda: pikipiki ya mwenzao ikizima, mmoja anakuja nyuma, anaweka mguu wake kwenye pikipiki iliyokufa na kuisukuma hadi kwa fundi, bila malipo, kwa sababu kesho itakuwa zamu yake. Bei ya wazi au hisani ya wazi. Nilichofanya mimi hakikuwa chochote kati ya hivyo viwili. Nilitaja bei nikiwa na shida, nikadai hisani nilipoipita.

Jioni shemeji aligundua tumebaki na kamba ya mzee. Akaniambia niirudishe. Nadhani alikuwa na lake moyoni, maana kamba angeweza kuipeleka kijana.

Nilipofika kwake nilimkuta mkewe amekaa chini na karai na kisu, anapasua perege mgongoni na kuwatandaza. Mimi kazi yangu ni kununua samaki, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa. Macho yao yalikuwa yameingia maziwa. Matamvua, yaliyotakiwa kuwa mekundu, yalikuwa yamepauka rangi ya kahawia. Nilimbonyeza mmoja kwa kidole, na shimo likabaki. Nyavu hutegwa jioni na kukaguliwa asubuhi na mapema, samaki akiwa hai au amekufa muda si mrefu. Akiachwa ndani ya wavu hadi mchana, kwenye maji ya kina kifupi yanayopata joto, anaharibika hapo hapo alipo. Perege wa namna ile hauzwi mbichi. Anaanikwa, anauzwa kwa bei ya kutupa. Mimi mwenyewe, asubuhi hiyo hiyo, kama mashine isingekufa, ningefika kwenye kambi yake nikanunua samaki wale wale kwa bei nzuri. Na kama angeniletea jioni katika hali ile, ningekunja pua nikamwambia, mzee, hawa hapana.

Kumbe alipogeuza uso pale kwenye chupa nyeupe alikuwa anatazama gharama ya kutuvuta. Mimi nilikuwa napima kilomita.

Baadaye nilikuja kusoma kidogo habari za uokoaji wa vyombo majini, kwa sababu jambo lilinikaa rohoni. Upo Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji uliopitishwa London mwaka 1989. Sitaki kujifanya kwamba wajumbe wake waliwahi kuusikia mtumbwi wa Kitangiri. Lakini ukiusoma unaona wanamjua mzee yule, na wananijua na mimi. Unasema asiyeokoa kitu halipwi kitu. Unasema malipo yasizidi thamani ya kilichookolewa. Unasema makubaliano yaliyofanywa kwa shinikizo la hatari yanaweza kutenguliwa yakiwa si ya haki, na vilevile makubaliano ambayo kiasi chake ni kikubwa mno au kidogo mno kwa kazi iliyofanyika. Hiyo ya kikubwa mno ndiyo niliyoitumia ufukweni bila kuijua. Halafu unaorodhesha mambo ya kuzingatia wakati wa kupanga malipo: ustadi, hatari, muda, gharama, na hasara aliyoipata mwokoaji. Hasara aliyoipata mwokoaji. Hao wajumbe wa London walikumbuka samaki ndani ya wavu, mimi muuza samaki nikasahau.

Jambo jingine liko humo: mtu aliyeokolewa uhai hadaiwi. Kinacholipiwa ni mali. Nadhani ndiyo maana mzee alianza na maji ya kunywa na akakaa kimya nilipotaja hela. Alikuwa bado anashughulika na watu, boti ilikuwa haijafikiwa. Tuliliona hilo Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikiwa na watu 43. Wavuvi walikuwa wa kwanza kufika, na mitumbwi yao na makafi yao, na 24 wakatoka hai. Hakuna aliyetaja bei mlangoni mwa ndege. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson alipewa shilingi milioni moja baadaye, na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na wengi wakaona ni haki yake. Lakini hapo mawaziri na kamera walikuwa wanatazama. Nani anamtazama mzee wa Kitangiri anaporudi kwenye wavu wake saa saba mchana?

Jioni ile nilimpa mzee thelathini zilizobaki. Sikutoa maelezo, kwa kuwa kila maelezo niliyoyaandaa njiani yalikuwa yananipendelea. Aliyakunja yale manoti akampa mkewe, ambaye aliyafunga kwenye ncha ya khanga bila kuacha kupasua samaki. Mzee akaniuliza mashine inasemaje. Nikamwambia kesho inakwenda kwa fundi, Singida mjini.

"Iliacha kukojoa?" akauliza.

"Iliacha."

"Ukaona?"

Nikasema nimeona. Akatikisa kichwa, akanitengea kigoda.

Fundi alipoifungua alitoa tonge la tope na nyuzi za majani kwenye tundu la kuingizia maji, kiasi cha kujaa kiganja. Kwa kipande cha waya ilikuwa kazi ya dakika tano. Pistoni, ringi na ufundi vilitugharimu pesa ambayo elfu hamsini ya mzee ni chenji yake, na fundi huyo sikubishana naye bei hata kidogo. Alikuwa ameshika mashine yangu mkononi.

Siku hizi kwenye boti kuna pondo, makafi mawili mazima, kidumu cha maji na kamba ndefu ya kwetu wenyewe. Chini ya ubao wa kukalia tumefunga mfuko wa nailoni wenye elfu hamsini ya kumlipa atakayetuvuta. Shemeji ameshaikopa mara mbili ili kununulia petroli. Mara zote mbili nimemfuata nyumbani kwake usiku ule ule, na ameirudisha.