Ziara ya Songea: Elimu Irudiyo Nyumbani

Katika mwezi wa Februari tulijaaliwa kufunga safari ya Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Basi letu liliiacha njia kuu ya Mbeya pale Makambako, na toka hapo hadi Songea ni mwendo wa kilomita zipatazo 300. Tulipita Njombe katika baridi iliyomfanya kila abiria ajikunyate, tukaikabili milima ya Lukumburu, ambako dereva mwendapole ndiye apendwaye na wote, kisha nchi ikafunguka mbele yetu, mahindi yamesimama huku na huku, na mvua ikinyesha na kuanuka mara kwa mara.

Nia yetu haikuwa biashara, wala matembezi ya kujifurahisha. Tulitaka kuwaona vijana wa shule za sekondari wa nchi ile: wanajifunza nini, wanakwenda wapi, na wanaifaa nini jamii iliyowalea. Kwani mgeni atakaye kuujua mji haraka na awatazame vijana wake watokapo shule saa za alasiri. Hao ndio kioo cha nyumba walizotoka.

Tulifikia kwa fundi cherehani mmoja, mtu wa makamo, mcha Mungu, ambaye kibanda chake cha kazi ki karibu na soko. Usiku wa kwanza, baada ya sala ya isha na chakula, binti yake wa kidato cha tatu alimletea barua kutoka shuleni. Wanafunzi walikuwa wapelekwe kwenye Makumbusho ya Majimaji na kisha mlima Matogoro, na wazazi waliombwa kuchangia nauli. Fundi aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja.

"Mimi namsomesha mwanangu afaulu," akasema. "Makaburi ya watu wa kale yatamwongezea alama gani katika mtihani?"

Mkewe akamjibu kwa upole, "Bwana, mtoto huyu amesoma miaka yote hii, wala hajaiona hata mara moja nchi anayoisoma."

Fundi akanyamaza kitambo. Kisha akasema neno ambalo hatukulitarajia: "Kaka yake alifaulu. Tukachinja jogoo, tukamshukuru Mungu. Sasa yuko Dar es Salaam, nasi twamwona Idi kwa Idi. Mtihani huuhuu niutakao ndio ulionichukulia mwanangu."

Alipotugeukia na kutuuliza rai yetu, tuliona si adabu mgeni kuamua jambo la nyumba ya mwenyeji wake. Tukamwomba amruhusu binti, nasi tufuatane nao, ili jioni tumwambie tuliyoyaona. Akakubali, ingawa kwa shingo upande. Mwalimu naye, Mungu amlipe kheri, akatukaribisha.

Ndugu wasomaji, mji wa Songea umepewa jina la nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni katika Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga Songea wapiganaji wengi kwa siku moja, miongoni mwao mfalme wao, Nkosi Mputa Gama. Mashujaa 66 wamelazwa katika kaburi moja. Songea Mbano, aliyenyongwa naye, ana kaburi lake peke yake. Masimulizi ya jamaa zake yasema kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, nao hawajaacha kukitafuta. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo penye makaburi, akakutana na kizazi cha nduna huyo, akaomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani.

Wanafunzi waliingia wakicheka na kusukumana, kama ilivyo desturi ya vijana watokapo darasani. Walipofika penye majina ya walionyongwa, kicheko kilikatika chenyewe, bila ya mwalimu kukemea. Majina yale hayakuwa mageni kwao. Yalikuwa majina ya watu wa mitaa yao, na mengine ni majina waitwayo wao wenyewe mwalimu aitapo daftari la mahudhurio asubuhi. Tulimwona binti wa mwenyeji wetu amesimama penye jina la ukoo wa baba yake, akilinakili katika daftari kwa mwandiko wa taratibu.

Mwalimu aliwaeleza kuwa waliokufa kwa kamba walikuwa wachache wakilinganishwa na waliokufa kwa njaa. Wajerumani walichoma vijiji, wakaharibu mashamba na maghala, na hesabu za wanahistoria juu ya waliokufa katika nchi zote zilizopigana hutofautiana, kuanzia watu 75,000 hadi 300,000. Kisha akawapa kazi ya nyumbani, nayo ilikuwa moja tu: kila mmoja akamwulize mtu mzima kuliko wote katika ukoo wake, jamaa zao walikuwa wapi katika vita vile, na waliiponaje njaa ile.

Kazi hiyo si ya kuchezea. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walitumwa kwenye wilaya zilizopigana, wakaketi na wazee waliokumbuka vita hivyo, wakayaandika masimulizi yao. Wawili kati yao, O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, waliandika juu ya vita katika nchi ya Wangoni, na kitabu chao kikatoka mwaka 1969. Lau vijana wale wangaliona haya kuuliza, au wangalijiona wamesoma mno hata hawawezi kuketi mkekani kwa mzee asiyejua kusoma, sehemu kubwa ya habari hizo ingalizikwa pamoja na wenyewe.

Kutoka makaburini tulikwenda Matogoro, mlima ulio kando ya mji. Wenyeji huuheshimu mlima huo kwa sababu iliyo wazi: ni chanzo cha maji. Humo huanza mto Ruvuma, ushukao hadi Bahari ya Hindi, na kwa sehemu kubwa ya safari yake ndio mpaka baina ya Tanzania na Msumbiji. Humo hutoka pia Luhira, unywao na wakazi wa Songea, na Luegu, uendao kaskazini ukakutane na Kilombero, na hapo wakutanapo ndipo uanzapo mto Rufiji. Basi mvua moja ikinyesha juu ya mlima mmoja, tone hili laweza kwenda kusini likapita mpakani, na tone lile likaenda Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024.

Vijana walikuwa wamechukua miche ya miti. Walichimba mashimo, wavulana kwa wasichana, na udongo uliolowa ukawaganda viatuni. Mmoja aliuliza kwa ubishi, "Mwalimu, mti huu nitaufaidi lini?" Mwalimu akamjibu kwa swali: "Na maji uliyooga leo asubuhi, ni nani aliyekulindia msitu wake?" Kijana akainama, akaendelea kuchimba. Nasi tukakumbuka mafundisho ya dini yetu, kwamba apandaye mti, kisha akala katika mti huo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Sadaka ya namna hiyo haimtaki mtu awe tajiri, yataka jembe na asubuhi moja tu.

Wakati wa mapumziko, mikate ikigawanywa, mwalimu aliwasimulia habari ambayo wengi wao, ingawa ni wazaliwa wa wilaya ile, walikuwa hawajaisikia. Mwaka 1960 vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda kuanzisha kijiji cha pamoja mahali paitwapo Litowa, katika wilaya ya Songea. Jaribio la kwanza liliwashinda. Wakarudi tena, wakashika. Kufikia mwaka 1963 palikuwa na Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichoviunganisha vijiji vya namna hiyo, na Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, aliishi nao pamoja na jamaa zake akiwa mshauri wao.

Litowa palikuwa na shule, na mwalimu wake mkuu alikuwa Suleman Toroka. Ilikuwa shule ya msingi, si sekondari, lakini mafunzo yake yawafaa wa daraja zote. Shule ile haikutengwa na kijiji. Watoto walisoma na kulima, walishauriwa katika mambo ya shule yao, na fimbo ikawekwa kando. Mwanafunzi alifundishwa ili aweze kukifaa kijiji, wala si ili apate njia ya kukikimbia. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea katika mwezi wa Machi 1967, watu wa Litowa walikuwa wamekwisha kuyatenda mengi yaliyoandikwa humo.

"Basi iko wapi sasa?" akauliza msichana mmoja.

Mwalimu hakuwaficha. Vijiji vile vilijiamulia mambo yao vyenyewe, na wakubwa wa mkoa na wa chama hawakupendezwa. Katika mwezi wa Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kukivunja chama kile. Mali yake ikachukuliwa, na walimu wakahamishwa. Vijana walikaa kimya. Tulidhani huenda wamekata tamaa, lakini kijana yule mbishi wa mashimo akasema, "Waliwahamisha walimu, lakini waliyoyafundisha hayakuweza kuhamishwa." Tuliona kuwa neno hilo lilitosha kuilipia nauli yake.

Tulipokuwa tukirudi tulipita mtaa wa Bombambili, ilipo nyumba ya marehemu Rashidi Mfaume Kawawa, ambayo sasa ni makumbusho. Mtoto huyo wa Kiislamu alizaliwa Matimira, wilaya ya Songea. Ili apate masomo ya juu ilimpasa kwenda mbali mno na kwao, hata shule ya serikali ya Tabora. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika, akaitumikia nchi miaka mingi katika vyeo vikubwa, na akafariki tarehe 31 Desemba 2009. Katika zama zake wazee wetu wengi walisita kuwapeleka watoto shuleni, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za misheni, nao walichelea dini ya watoto wao. Hofu yao twaifahamu. Lakini hasara yake tumeilipa kwa muda mrefu.

Leo udhuru huo haupo. Tangu mwaka 2004, ulipoanza mpango mkubwa wa kuendeleza elimu ya sekondari, shule za kata zimejengwa nchi nzima, na mara nyingi wananchi wenyewe walibeba mawe na kufyatua matofali. Mwaka 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne katika shule za serikali. Mtoto ambaye zamani angalipelekwa mbali, leo huamka kwao, akasoma, akarudi jioni kula na wazazi wake. Hiyo ni neema. Lakini twajiuliza: mtoto huyu arudiye kila jioni, twampokea na swali gani? Twamwuliza amepata alama ngapi tu, au twamwuliza pia ameona nini na amemsaidia nani?

Jioni ile tulimkuta fundi kibandani, cherehani ikivuma. Tulikuwa tumejiandaa kumweleza yote, lakini binti yake alitutangulia. Akamwamkia, akafungua daftari, akauliza, "Baba, babu yako alikuwa wapi wakati wa vita? Na ile njaa waliiponaje?"

Fundi aliuondoa mguu wake katika cherehani. Alilitazama jina lile lililonakiliwa, akaligusa kwa kidole kama apimaye kitambaa. "Sijui, mwanangu," akasema. "Baba alipokuwa hai sikumwuliza. Nilidhani wakati upo."

Hakuna aliyesema neno. Hatimaye akaendelea, "Shangazi yangu yu hai, yuko Namtumbo. Yeye alilelewa na bibi yetu. Jumamosi twende, nawe uchukue daftari lako." Akashika uzi, akauacha tena. "Na kaka yako mpigie simu. Mwambie baba anamwita, naye aje asikilize."

Sisi tuliondoka Songea siku ya Ijumaa baada ya sala, wala hatukujaaliwa kuyasikia aliyoyasema mama yule mzee. Lakini twajua kwamba nyumba ile ilikuwa imekwisha kubadilika. Baba aliyeogopa kwamba elimu itamchukua mtoto wake wa pili kama ilivyomchukua wa kwanza, aliiona ikirudi mlangoni kwake na swali mkononi.

Ndugu zetu wenye watoto shuleni, mtihani una haki yake, wala hatumshauri mtu aupuuze. Hata hivyo barua ya ziara ikija, msiikunje upesi. Mkiweza changieni, msipoweza, shaurianeni na walimu, kwani makaburi na milima na wazee wa jirani havihitaji nauli kubwa. Mtoto akirudi, mketini naye mumsikilize. Akiwauliza msilolijua, semeni kweli kwamba hamlijui, kisha mwende pamoja kwa anayelijua, maadamu bado yu hai. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tuwaache vijana wetu waende tezi na omo, bali tuhakikishe kwamba wakirejea ngamani watatukuta tunawangoja.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi masikio ya kuwasikiliza. Amin.