Safu ya Nyuma

Ilikuwa imebaki dakika 1 na sekunde 54 mchezo uishe, matokeo 35 kwa 35, James Bradberry alipoivuta jezi ya mpokeaji wa Kansas City. Aliivuta kidogo tu, kwa vidole, kama mtu anayemwita mwenzake sokoni. Mwamuzi akarusha kitambaa cha njano. Adhabu ile iliwaruhusu Kansas City kula muda mpaka zikabaki sekunde 8, kisha wakapiga teke la pointi tatu. 38 kwa 35. Hiyo ni Super Bowl ya Februari 12, 2023, Glendale, Arizona, na walioshindwa ni Philadelphia Eagles. Baada ya mchezo Bradberry hakumlaumu mwamuzi. Alikiri kwamba aliivuta jezi, akasema alitumaini tu wataliachia.

Siku hiyo mimi nilikuwa bado Tanga, nahangaika na barua za kuomba chuo. Tukio lenyewe nilionyeshwa miezi sita baadaye, wiki ya kwanza ya masomo yangu ya uzamili, na mwenye nyumba wangu, mzee wa Kusini mwa Philadelphia. Alinionyesha kwenye simu yake kwa heshima, kama mtu anayekuonyesha picha ya marehemu. Akaniambia kuwa msimu ule Bradberry alichaguliwa kwenye kikosi cha pili cha wachezaji bora wa ligi nzima. "Nenda kamuulize mtu yeyote barabarani anakumbuka nini," akasema. "Atakwambia jezi."

Kwa msomaji aliyekulia kwenye Simba na Yanga inabidi nieleze kidogo. Timu ya huku ina wachezaji 53 kwenye orodha, na 11 huingia uwanjani kulinda. Nyuma kabisa wanakaa mabeki wanne au watano. Wawili wa pembeni wanashika wapokeaji wenye mbio. Wawili wa mwisho wanaziba popote panapopasuka. Wa tano anakaa ndani, kwenye msongamano, na huitwa nikeli, kwa jina la sarafu yao ya senti tano. Kazi yao wote ni kukimbia kinyumenyume wakimfuata mtu anayejua anakokwenda, ilhali wao hawajui. Wakifanya vizuri, mpira hauji upande wao, na kamera haiji. Wanaonekana siku wanapokosea.

Usajili nao si kama wetu. Mchezaji hauzwi kwa fedha taslimu. Anabadilishwa na mchezaji mwingine, au na nafasi kwenye drafti, yaani zamu ya kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Wengi wao hawaulizwi. Mtu anaamka, simu inalia, anaambiwa afungashe. Juu ya yote kuna kikomo cha mishahara, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu, kwa hiyo huwezi kununua mabeki bora tu ukalala. Ukimlipa huyu, yule utamkosa.

Safu iliyofika Glendale iliokotwa kipande kwa kipande. Machi 2020 meneja mkuu, Howie Roseman, alimchukua Darius Slay kutoka Detroit kwa nafasi mbili za drafti, ya raundi ya tatu na ya tano. Mei 2022 New York Giants walimwacha Bradberry ili wapunguze mishahara, Eagles wakamsajili akiwa mchezaji huru. Agosti 30, 2022, siku chache kabla ya ligi kuanza, wakamchukua C.J. Gardner-Johnson kutoka New Orleans. Kule alikuwa beki wa ndani. Hapa wakamrudisha nyuma, awe beki wa mwisho. Akanasa mipira 6, sawa na aliyenasa mingi kuliko wote kwenye ligi.

Hilo la kumhamisha mtu nafasi ndilo lililonifanya niendelee kuangalia. Mengine yote ni biashara.

Baba alipata kiharusi Septemba 2023, mwezi mmoja baada ya mimi kuondoka. Upande wa kulia wote ukalala, na maneno yakawa yanatoka moja moja, kama maji ya bomba la mtaa. Yeye zamani alicheza namba tatu kwenye timu ya mtaa pale Ngamiani, na ni Coastal Union wa damu. Ubingwa wa 1988 anausimulia kama harusi yake. Alikuwa akituambia kwamba beki mzuri ni yule ambaye mashabiki wanasahau jina lake. Tulicheka, kwa sababu yeye mwenyewe hakuna aliyemkumbuka.

Mama alishatangulia. Kaka yuko Dar es Salaam na familia yake. Mimi kitinda mimba nilikuwa huku, natuma nilichoweza kutoka kwenye posho ya msaidizi wa mwalimu. Nyumbani alibaki Dada. Hakuna kikao kilichomteua. Alikuwa hapo tu, na mwenye kuwa hapo huwa ndiye. Akafunga duka lake la vitenge saa za asubuhi, kisha akalifunga kabisa. Kwa wiki kumi na moja alimgeuza Baba kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, akampikia uji laini, akampeleka mazoezini kwa bajaji. Katika kundi letu la WhatsApp habari zake zilikuwa fupi: "Ameamka salama." "Amekula." Sisi tulijibu kwa alama za dua.

Eagles msimu huo walianza kwa kushinda mechi 10 kati ya 11. Lakini ukikaa na mzee wa nyumba yangu ulikuwa unaona nyufa. Gardner-Johnson alikuwa amekwenda Detroit. Avonte Maddox, beki wa ndani, aliumia kifua mwezi Septemba, na kila wiki akawekwa mtu mwingine pale katikati. Oktoba wakamleta Kevin Byard kutoka Tennessee azibe nyuma. Slay na Bradberry walikuwa wamefika miaka thelathini na kitu, na pembeni ni mahali ambapo mwili hauongopi. Bradberry alikuwa amepewa mkataba mpya wa miaka mitatu, dola milioni 38. Sasa warushaji wa timu pinzani walimtafuta yeye. Eagles wakapoteza mechi tano kati ya sita za mwisho, kisha Januari 2024 wakafungwa 32 kwa 9 huko Tampa. Mzee alizima televisheni kabla ya mwisho. Hakuwa na hasira. "Wamechoka," alisema. "Mtu mchoka unaweza kumpangia mbinu gani?"

Baba alianguka bafuni mapema Desemba. Dada alikuwa amesinzia kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango. Akashonwa nyuzi saba kwenye paji la uso. Kwenye kundi ndugu wa mbali na wa karibu waliuliza swali lilelile kwa namna mbalimbali: "Kwani ulikuwa wapi?" Watu ambao hawakuwahi kuandika neno tangu Septemba waliandika siku hiyo. Nilihesabu, kwa sababu nasoma takwimu na kuhesabu ndiyo namna yangu ya kutulia: ujumbe thelathini na mmoja. Hakuna hata mmoja ulioanza na "pole."

Shangazi akaitisha kikao cha simu, kwangu ikiwa saa saba mchana, Tanga saa tatu usiku. Ulikuwa upangaji wa kikosi, hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Binamu aje kutoka Muheza, alale na Baba, alipwe. Kaka awe anakuja kila wiki ya pili, siku mbili. Mimi nilipe binamu. Na Dada apumzike. Shangazi alilisema neno hilo kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe pumzika," na niliisikia simu ya Dada ikinyamaza. Usiku huo alinipigia. "Wamenitema," akasema.

Nilimweleza habari ya Bradberry. Nilidhani itamfariji kujua kwamba hata wanaolipwa mamilioni hupimwa kwa kosa moja. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mdogo wangu, huyo ni mchezaji. Mimi ni mtoto wake." Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona ndiyo sentensi iliyo sahihi kuliko yote niliyosikia mwaka ule, pamoja na za maprofesa.

Lakini niliendelea kuangalia, na 2024 nikaona kitu kingine. Eagles walimleta Vic Fangio, kocha mkongwe wa ulinzi. Byard wakamwacha, Gardner-Johnson wakamrudisha. Kwenye drafti ya Aprili wakamchagua Quinyon Mitchell wa Toledo kwenye nafasi ya 22, kisha wakabadilishana na Washington ili wapande kutoka ya 50 hadi ya 40 na kumchukua Cooper DeJean wa Iowa, aliyekuwa ametoka kuvunjika mguu. Slay wakambakiza, akakaa pembeni upande wa pili wa Mitchell. Nyuma alikuwepo Reed Blankenship, kijana ambaye mwaka 2022 hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti. Yaani hawakubomoa yote. Waliwachanganya wanaojua na wanaokimbia.

DeJean hakuanza mara moja. Timu ilishinda mbili ikapoteza mbili, ikapumzika wiki moja, na waliporudi akawekwa ndani, mahali pa nikeli. Wakashinda mechi kumi mfululizo. Safu iliyokuwa kichekesho mwaka mmoja nyuma ikawa sehemu ya ulinzi ulioruhusu yadi chache kuliko wote kwenye ligi.

Na Bradberry? Kabla ya msimu walijaribu kumhamisha awe beki wa mwisho, mahali ambapo akili huweza kufidia mbio. Akaumia mguu, akawekwa kwenye orodha ya majeruhi, hakucheza mechi hata moja. Mkataba wake uliendelea kuhesabiwa. Kuna istilahi ya huku, fedha mfu: pesa zinazokula kikomo chako kwa ajili ya mtu asiyecheza tena. Wachambuzi huitaja kwa kuudhika. Mimi naipenda. Kwenye mchezo huu usio na shukrani, ndiyo hesabu pekee inayolazimisha timu kukumbuka ilimwahidi mtu nini. Kwenye familia yangu hakuna kitabu cha namna hiyo. Wiki kumi na moja za Dada hazikuandikwa popote, na kwa sababu hazikuandikwa, watu waliona zimeisha.

Basi nikaziandika. Likizo ya Desemba 2024 nilikuwa sina nauli ya kwenda nyumbani, nikakaa na kundi letu la WhatsApp, nikatoa kila ujumbe wa Dada tangu Septemba ya kwanza, nikapanga kwenye jedwali: tarehe, dawa, mazoezi, safari za kliniki. Jedwali likawa refu kuliko nilivyotarajia. Nikamtumia Shangazi, si kundi. Shangazi hakujibu siku tatu. Siku ya nne alipanda basi kutoka Korogwe akaenda kumwona Dada. Waliongea nini sijui. Ninachojua ni kwamba tangu hapo Dada ndiye anayekaa na daktari wa Baba. Usiku ni wa binamu, kuogesha ni kwa kaka akija, lakini karatasi zote, vipimo vyote, na neno la mwisho kuhusu dawa ni vyake. Alikuwa akilijua hilo muda wote. Alikuwa anashuka mpaka vidonda vyenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine. Duka amelifungua tena, mchana.

Februari 9, 2025, New Orleans, Kansas City tena. Robo ya pili DeJean alisoma mpira wa Patrick Mahomes, akaunasa, akakimbia yadi 38 mpaka mwisho. Siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 22. Mpaka mapumziko ilikuwa 24 kwa 0, ikaisha 40 kwa 22. Mzee wa nyumba yangu alilia bila kujificha. Mitaani watu walipanda nguzo za taa. Tanga ilikuwa usiku wa manane, na asubuhi yake niliwatumia kipande cha video. Binamu akanirekodia Baba akikiangalia. Aliuliza, neno moja moja, kwa nini wamevaa kofia za pikipiki. Halafu akaonyesha kwa mkono wa kushoto mahali mpira ulipotoka na mahali DeJean aliposimama, akasema, "Alimsubiri."

Haikupita hata miezi miwili kabla ya safu ile kuvunjwa. Machi Slay aliachwa, akaenda Pittsburgh. Gardner-Johnson akapelekwa Houston. Bradberry naye akaachwa. Watu waliokuwa juu ya mabasi ya ushindi barabara ya Broad mwezi Februari walikuwa wanatafuta nyumba katika miji mingine. Mzee hakushangaa. Kwake kujenga safu ya nyuma si kazi inayoisha.

Nilimsimulia Dada. Safari hii alicheka, akaniuliza kama Bradberry alipewa pete. Nikamwambia waliokuwa kwenye orodha hupewa, hata majeruhi. Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia cherehani ya jirani na sauti ya Baba ikiita jina lake, lote, bila kukatika. "Ngoja," akasema, "naitwa," akakata simu.